Mpaka Watoto Wamalize Kucheza

Fairfield, Sydney
Jumapili, tarehe 6 Aprili 2025

Vénérand, mtoto wa mama,

Umeamka namna gani huko Bukavu? Na mgongo wako? Na yule mzee wa cherehani, bado anapumua? Mimi nimeamka, Mungu hajanichoka bado. Ni magoti tu yamegoma, yanataka yabebwe kama bibi harusi. Huku baridi inaanza kuingia sasa, mwezi wa nne, na mwezi wa saba ndiyo itakaa kabisa mifupani. Kila kitu cha huku kimegeuzwa. Hata mwezi nikiutazama dirishani naona kama umelala chali.

Barua hii hakuiandika Rodrigue. Mjukuu wako Kiswahili anakisikia chote, hata umtukane kwa mafumbo anasikia, lakini akijibu ni Kiingereza, na kuandika ndiyo kabisa. Anayeandika ni Elizabeti, msichana wa Tanzania, anasomea unesi, anapanga Kensington na wenzake, kila Jumapili baada ya misa anapanda treni kuja kuniangalia. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Mimi nasema, yeye ananyoosha mikunjo. Ukikuta neno limenyooka sana ujue si langu. Akimaliza anaipiga picha karatasi, inakwenda kwenye simu ya Fiacre, yule anayeuza mayuniti ya simu hapo karibu na kwako. Na wewe ukijibu, Fiacre atafanya vilevile.

Utasema, kwa nini tusiongee kwa simu kama watu? Simu yangu imekufa. Ile jioni ulipiga, Rodrigue alikuwa ameenda kazini, mimi niko namenya vitunguu. Ukasema, "Yaya."  Halafu ukauliza, "Uko na nani hapo?" Nikakwambia niko na vitunguu. Hukucheka. Wewe, mtu wa kucheka hata kwenye maziko! Nikasikia unavuta pumzi, nikabonyeza pale pekundu, nikaizima. Tangu jioni ile imekufa. Rodrigue anataka kuipeleka kwa fundi, nimemwambia aiache ipumzike.

Sasa habari yenyewe. Rodrigue amechaguliwa kwenye ekipe ya mpira ya koleji! Usifikiri koleji kama ile ya mapadri wetu, watoto wenye kaptura. Hawa ni wanaume wana ndevu. Jezi ni ya kijani, ina mstari mweupe tumboni, na yeye wamempa namba saba, ile uliyokuwa unavaa wewe kabla goti halijakusaliti. Msimu wao unaanza mwezi huu, unaisha mwezi wa tisa, kila Jumamosi wanacheza. Tuko huku mwaka wa sita sasa na sijawahi kumsikia anasema "sisi". Ilikuwa "mimi" na "wao" tu. Anasoma mchana, usiku anapanga maboksi kwenye weahausi kule Wetherill Park, anarudi anakula amesimama, analala. Lakini juzi amerudi na jezi mkononi, akasema "sisi Jumamosi tunacheza". Kwa Kiingereza, lakini nilisikia.

Mwanangu Balagizi, baba yake, hajampigia tangu mwezi wa pili, tangu vita iingie mjini. Ni rezo. Hapa kanisani wote wanasema rezo ya simu ya huko imeharibika. Rodrigue alikuwa ananiuliza mara kwa mara, namwambia rezo. Siku hizi hata haulizi.

Na wewe usiandike mengi. Fiacre ana kazi zake. Andika salamu tu, inatosha.

Ni mimi, dada yako Léocadie.


Bukavu, tarehe 24 Aprili 2025

Yaya Léocadie, dada yangu mukubwa,

Nakulamukia sana. Batoto bote banakusalimia. Mugongo uko palepale, na mzee wa cherehani anapumua na anatukana watu, hiyo ndiyo afya yake. Umeme unakuja leo, kesho hakuna. Benki zimefungwa. Bénie, muke wa Balagizi, anakusalimia sana. Siku hizi anakaa kwangu, yeye na mutoto wake mdogo.

Nimefurahi juu ya Rodrigue. Namba saba! Mwambie asikimbie na mpira kama mwizi wa kuku. Akipata mpira ainue kichwa kwanza, aone nani yuko wapi. Mimi goti halikunisaliti, ni yule beki wa Goma alilivunja, na umwambie hivyo.

Yaya, kuna jambo moja uniambie. Hapo nyumbani, siku gani mnakuwa watu wengi? Wamama wa kanisa hawawezi kuja kushinda nawe? Siyo lazima kundi kubwa. Hata majirani. Wewe uniambie siku na saa, kiisha mimi nitapiga kwa simu ya huyo Elizabeti. Mimi ni mujomba. Kazi hii ni yangu, haiwezi kufanywa na Rodrigue wala mtu mwingine. Tafadhali, Yaya.

Mdogo wako, Vénérand


Fairfield, Sydney
Jumapili, tarehe 18 Mei 2025

Vénérand, mtoto wa mama,

Umelalaje? Bénie hajambo? Na mtoto wake, meno yametoka yote? Mimi niko. Nimenunuliwa soksi za sufu, ndefu mpaka gotini, nikivaa nafanana na arbitri wa mpira.

Barua yako ilifika. Elizabeti alisoma vizuri sana. Mzee wa cherehani tulicheka, mwizi wa kuku tulicheka. Halafu akafika mahali, sauti ikaanza kutembea kama mtu anavuka matope. Nikamwambia, "Mwanangu, ruka hapo." Akasema, "Bibi, imebaki mistari michache tu." "Ruka. Soma jina lake pale chini." Akasoma jina lako.

Lakini sikio halina mlango.

Unaniuliza nani yuko nami. Hakuna mtu. Elizabeti, andika hivyo, hakuna mtu. Rodrigue akitoka asubuhi nasikia mlango wa chini unajifunga wenyewe, tap, halafu nasikia friji. Friji ya huku inaongea mchana kutwa, wakati mwingine naijibu. Mlango wa pili anakaa mama mmoja wa Iraki, mjane kama mimi, hatuna lugha hata moja ya kushirikiana. Yeye ananiletea mkate, mimi nampelekea sombe ya majani ya muhogo, tunatikisiana vichwa kama mbuzi, kila mtu anarudi kwake. Wamama wa kanisa wote kazi yao ni kuosha wazee wa wazungu. Wakitoka kule mikono imechoka, haiwezi tena kushika mzee mwingine. Siwalaumu. Elizabeti ni mtoto wa watu, ana mitihani. Kwa hiyo niko peke yangu, Jumatatu peke yangu, Alhamisi peke yangu. Na wewe unajua, mimi najua, mtu akiwa peke yake hapewi maneno ya namna ile.

Ulikuwa kijana wakati mume wangu alifukiwa na machimbo. Unakumbuka? Nilikuwa naosha sahani. Nikaona jirani anaingia bila hodi, nyuma yake wanaume wamebeba viti, wanavipanga uani, na hakuna hata mmoja ananitazama. Mama mwingine akapita moja kwa moja jikoni, akachukua visu, akavificha kwenye kanga yake. Bado hakuna aliyefungua mdomo na mimi nilikuwa nimeshaanguka. Ndiyo kazi ya viti vile, mtu akianguka aangukie kwa watu. Sasa hapa kwangu viti ni viwili, changu na cha Rodrigue. Kwa hiyo hakuna habari.

Tena kuna jambo la mtoto. Mama yake alipokufa kule kambi ya wakimbizi, yeye alikuwa mdogo hivi, akaacha kusema wiki nzima. Akisikia neno lolote sasa ataacha mpira, ataacha masomo, atazikwa kwenye yale maboksi ya Wetherill Park mpaka ndevu ziote mvi. Msimu unaisha mwezi wa tisa. Wacha watoto wamalize kucheza, Vénérand. Nakuomba hilo tu.

Na wanacheza vibaya! Nilikwenda kuwaona. Treni mpaka mjini, kutoka hapo tremu mpaka Kensington, Elizabeti akanishika mkono kwenye ngazi. Watazamaji ni mimi, mchumba wa kipa, na mbwa wawili. Kipa wao ni mrefu, mpira ukija chini anauangalia unavyopita kama mtu anasindikiza mgeni. Walifungwa matatu. Lile lao moja alifunga Rodrigue, kwa mguu wa kushoto, kutoka mbali. Wenzake wakamrukia, wamemlalia wote. Yeye alipoinuka hakuruka, hakucheza. Alisimama akatazama chini, halafu akatembea kurudi nyuma ya mstari. Nikamuuliza nyumbani, akanijibu mimi bibi yake: "Okei, Koko. Am okei."

Ameniomba awalete wenzake nyumbani kula. Nimekataa. Nikamwambia nyumba ndogo. Ameniomba tena juzi, nikasema kichwa kinauma.

Ni mimi, Léocadie.


Bukavu, tarehe 29 Juni 2025

Yaya,

Nakulamukia. Unisamehe kuchelewa, simu ya Fiacre ilichukuliwa njiani, mpaka apate nyingine. Tuko wazima wale tulioko. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza.

Nimesikia yote uliyosema juu ya viti. Una haki. Desturi ni yako kama ilivyo yangu na sitaivunja kwa karatasi.

Lakini nikueleze ya hapa, kiisha uamue mwenyewe. Bénie hajaenda sokoni tangu mwezi wa pili. Meza yake ya samaki, ya ndagala, ameishika mwingine. Hajasuka nywele, hajabadilisha kitambaa. Wazee walikuja kwangu, wakaniuliza, "Mama mwenyewe amejua?" Nikasema bado. Wakasema, "Basi hatuwezi kumaliza." Na wana haki pia. Kuna jambo hapa limefunguliwa na haliwezi kufungwa mpaka wewe. Mwanamuke kijana anakaa kwenye mukeka, anangoja mtu wa Australia.

Sisemi zaidi. Usikasirike.

Rodrigue: mchezaji anayefunga na hafurahi, umwangalie vizuri. Mimi nilicheza miaka mingi. Hata tukiwa tunafungwa matano, mtu akipata moja anaruka kama mwenda wazimu. Muruhusu alete rafiki zake, Yaya. Utawapa hata chai.

Vénérand


Fairfield, Sydney
Jumapili, tarehe 27 Julai 2025

Vénérand, mtoto wa mama,

Nakusalimu kwa aibu. Magoti sitakutajia, na baridi sitakutajia. Mpe Bénie salamu na usimwambie zaidi. Nina jambo la kukusimulia na Elizabeti ameshaniona nalisimulia kwa mikono, kwa hiyo ngoja nianze polepole.

Kwanza Rodrigue alipewa kadi nyekundu. Mtoto ambaye hata mende anamtoa nje kwa karatasi! Mchezaji wa upande mwingine alimwambia neno, sijui neno gani, wamesema ni utani tu wa baba yako hivi, baba yako vile, na Rodrigue akamsukuma kifuani mpaka akaenda chini. Arbitri akamtoa. Akakosa mechi mbili. Zile Jumamosi mbili alikaa chumbani ameangalia ukuta, na mimi nikakaa jikoni nimeangalia mlango wake. 

Jumamosi ya tatu mvua. Huku mvua ikinyesha sana wanafunga uwanja, wanaufunga kama duka, hakuna kucheza. Rodrigue ametoka kwenda kununua maziwa. Mimi niko dirishani kama kawaida yangu, natazama kule chini magari yanavyopita. Yakaingia magari mawili, yakasimama mlangoni petu. Wakatoka wanaume. Wengi. Hawasemi, wameinamisha vichwa kwa sababu ya mvua. Mmoja akafungua nyuma ya gari.

Akatoa viti.

Vénérand, akatoa viti! Kimoja, kingine, kingine, vile vya kukunja, kila mwanaume anapokea chake anaweka begani, wanapanga mstari kuja kwenye mlango wangu. Nani angeniambia kwamba nchi hii mtu akikutembelea anakuja na kiti chake mwenyewe? Miaka sita nimekaa, hakuna mtu aliyenitembelea kwa wingi namna hiyo hata nijue!

Nilifunga mlango kwa ufunguo. Nikavuta meza nikaisukuma pale. Nikachukua visu mwenyewe, vyote viwili, nikavitia kwenye friji chini ya mboga, sijui kwa nini, labda kwa sababu hapakuwa na mama wa kunifanyia. Wakagonga. "Hello? Hello, Nana?" Ni Kochi Patrick, kocha wao, mzungu mmoja mwekundu, ana sauti ya padri. Mimi nikakaa chini nikaanza kulia. Si machozi, mdogo wangu. Ile ya kwetu. Ile inayotoka tumboni. Jina sikulitaja. Nililia tu, na nyumba hizi kuta zake ni karatasi. Wakaogopa, nasikia mmoja anasema ambulensi.

Halafu nikasikia miguu inapanda ngazi mbio. Rodrigue. Akapiga mlango kwa kiganja. Na hapo akasema kwa Kiswahili. Sikiliza alivyosema: "Koko! Koko, ni ekipe tu! Wamekuja kuchoma nyama! Hakuna aliyekuja kusema!"

Nikanyamaza.

Kusema nini? Mtu asiyejua kitu, atajuaje kwamba kuna cha kusema?

Niliondoa meza, nikafungua. Wamesimama kwenye ngazi wamelowa, viti begani, mmoja ameshika mfuko wa soseji kifuani kama mtoto mchanga. Walikuja kumfurahisha juu ya ile kadi. Rodrigue yuko mbele yao, maziwa yamemwagika suruali yote. Tukatazamana, mimi na yeye. Niliwaambia niko mgonjwa, wasamehe. Wakasema sori, sori, wakashuka na viti vyao. Soseji wakaniachia.

Tulizikaanga. Tulikula mimi na Rodrigue kwenye meza, hakuna aliyeinua macho. Aliosha sahani yake, akaosha na yangu, akasimama pale nyuma yangu muda mrefu. Nikangoja. Akaniwekea mkono kichwani, mimi nyanya yake, kama vile unavyobariki mtoto, akaenda kazini.

Anajua. Tangu lini? Ni wewe umemwambia? Kama ni wewe, sema, nikukasirikie nipate cha kufanya.

Léocadie.


Bukavu, tarehe 10 Agosti 2025

Yaya,

Sikumwambia mimi. Aliona picha kwenye Facebook mwezi wa tatu, mtu wa mtaa aliweka. Akaniandikia kwa Kiingereza, ikabidi nimpelekee abé wa parokia anisomee. Aliuliza tu: Koko anaambiwaje? Nikamweleza kama nilivyofundishwa, kwamba mama hapewi neno lile akiwa peke yake, lazima nyumba iwe na watu. Akaniuliza, watu gani? Nikamwambia watu wowote wanaoweza kukaa. Akajibu: hatuna watu. Kiisha akaandika tena: nipe muda, nitawatafuta.

Mwezi wa nne wewe ukanipa habari kwamba ameingia ekipe. Sikuelewa siku ile. Nilifurahi tu juu ya namba saba.

Yaya, unasema wacha watoto wamalize kucheza. Wewe unangoja yeye amalize. Yeye anacheza juu yako, kwa ajili yako wewe.

Bénie yuko palepale.

Vénérand


Fairfield, Sydney
Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025

Vénérand, mtoto wa mama,

Umeamka? Mimi nimeamka, ingawa sikulala. Mzee wa cherehani asalimiwe. Bénie salamu zake ziko mwisho, ngoja nifike.

Jana uliongea nami na simu ya Elizabeti ikakatika, kwa hiyo kuna sehemu hukuisikia. Nakwambia sasa, mjomba ni lazima ajue namna neno lake lilivyopokelewa.

Barua yako niliisikia yote, sikumwambia aruke. Nikakaa nayo wiki moja. Kisha nikamwambia Rodrigue, "Mechi ya mwisho lini?" Akasema tarehe sita. "Ikiisha walete. Wote, na yule kipa." Alifunga mlango wa friji, akasimama ameshikilia mkono wake. Akasema, "Okei, Koko." Nikamwambia, "Sema kwa Kiswahili." Akasema, "Nitawaleta."

Ijumaa nilikwenda Cabramatta na Elizabeti. Wale Wavietnamu wanauza sombe iliyogandishwa kama tofali, na samaki wazima wanakutazama. Nikanunua unga, nikanunua mafuta ya mawese. Nilipika tangu alfajiri. Sikwenda uwanjani. Walifungwa, bila shaka. Mbili kwa bila. Kwenye jedwali wamewazidi wengine wawili tu, na wanajivunia hao wawili kama kombe.

Walikuja jioni, kwenu bado ni asubuhi. Jezi zina matope. Wakavua viatu kwenye ngazi bila kuambiwa, wakajaa. Viti hawakuleta, nafikiri waliogopa. Wakakaa chini kwenye kapeti, migongo ukutani, kama tunavyokaa sisi. Nilikwenda kumgongea mama wa Iraki, nikamshika mkono, akaja na taulo begani, hakuuliza. Hata alivyoniona uso nadhani hakuhitaji. Walikula. Yule kipa alikula sombe sahani tatu na bugali kwa mkono, analamba vidole. Kochi Patrick akatoka jasho kwa pilipili, wakamcheka. Nikawaacha wacheke. Nikawa nawahesabu bila kutaka, naona hakuna mahali pa kuweka mguu, nikasema basi, Léocadie. Basi.

Rodrigue aliwaambia kwa Kiingereza. Sijui alisemaje. Niliona tu kicheko kinazimika kwa mmoja mmoja kuzunguka chumba. Hakuna aliyeinuka. Kochi alivua kofia. Elizabeti akakupigia, akanipa.

Ulisema vizuri. Nakushukuru hukuzunguka. Ulisema, "Yaya, Balagizi hayupo." Ulisema alikwenda kutafuta unga siku ile mji uliingiliwa, wakamkuta siku ya pili, na kwamba ulimwosha wewe, kwa mikono yako, na ukamvika shati jeupe. Hapo ndipo simu ilikatika. Kwa hiyo hukusikia.

Nilianguka. Niliangukia kwa yule kipa. Mpira hashiki, lakini mimi alinishika. Mama wa Iraki akaanza kulia kabla yangu, kilio chake kirefu, kinapanda tofauti na chetu, lakini nilikiingia kama mtu anaingia wimbo anaoujua. Wale watoto wa kizungu hawajui kulia kwa sauti. Walikaa tu. Walikaa, Vénérand! Hakuna aliyetazama saa, hakuna aliyechukua simu. Na Rodrigue, ambaye miezi sita yote ameibeba habari ya baba yake mgongoni kama gunia, alikunja uso, akatoa sauti moja. Wenzake wakamwendea wote kwa pamoja, wakamlalia, mikono juu ya mikono, vilevile walivyomlalia alipofunga lile goli. Safari hii hakujitoa. Nilimsikia ndani kule chini anamwita baba yake.

Mimi nami nilimwita. Balagizi. Jina hilo nilikuwa sijalitamka tangu mwezi wa nne.

Leo wameondoka. Wameosha vyombo wameviweka mahali si pake, sijui nitakipata wapi kijiko. Matope yao yako kwenye kapeti, nimemkataza Elizabeti asifagie leo. Msimu umekwisha, hakuna Jumamosi tena mpaka mwakani. Nimekaa hapa, sauti imekauka, friji inaongea, siijibu. Rodrigue amelala mchana, mara ya kwanza namsikia anakoroma. Nilikuwa na mtoto wa kwanza, nilimzaa mwezi wa mavuno, na nchi alikozikwa mimi siwezi kufika kwa miguu wala kwa treni wala kwa tremu. Hilo liko, halina dawa, na sikuombi unipe.

Sasa salamu za Bénie. Umwite mbele ya wazee, umwambie haya, usibadilishe. Mama yake Balagizi amejua. Ameambiwa na mjomba, kati ya watu, nyumba imejaa, amelia na amenyamaza. Nimemkawiza na namwombea. Mmalize kilio. Ainuke kwenye mkeka, mumpe maji ya kuoga, mtu amsuke nywele. Na asubuhi aende sokoni kwenye meza yake, awahi mapema, ndagala hazingoji jua.

Ni mimi, Léocadie, mama yake Balagizi.